TAHADHARI: huyu muuzaji wa chensoo za "58cc" na suruali za kinga, mimi ameshanipiga

Wakuu habari, naandika hii hasira bado haijaisha kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Kuna jamaa anauza vifaa vya kazi za miti mtandaoni, chensoo (msumeno wa injini), suruali za kinga, kofia ngumu, winchi za mkono, kila kitu anacho na kila kitu kina punguzo leo tu. Jina la ukurasa siliandiki maana analibadilisha kama nguo, ila mtindo wake ni ule ule, someni muutambue.

Nina kashamba ka miti, si msitu wa kutisha, kazi yangu ni kupunguza miti iliyosongamana, kukata matawi na kutengeneza kuni, na gogo langu nene kabisa halifiki sentimita 30. Kazi hiyo chensoo yenye injini ya ukubwa wa cc 35 mpaka 45 na bapa (ile bati ndefu ambayo mnyororo unaizunguka) la inchi 14 au 16 inamaliza bila shida, na nililijua hilo kabla sijamtafuta, lakini jamaa akanishika kwenye tamaa. "Bosi wangu, kwa hela hiyo hiyo nakupa 58cc bapa inchi 22, kazi ya siku mbili unaimaliza asubuhi." Nikavimba kichwa nikatuma hela yote, na suruali ya kinga nikaongezea humo humo.

Mzigo ukaja, boksi zuri kweli, mashine chungwa na nyeupe ili uione kama Stihl, ile chapa maarufu ya chensoo. Sasa Stihl halisi ina namba ya tarakimu 9 imegongwa kwenye bodi yenyewe, hii ya kwangu namba ilikuwa stika, nimeibandua kwa ukucha. Ningeishia hapo ningekuwa nalalamikia hela tu.

Nikachanganya mafuta kama kikaratasi chao kinavyosema, 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya tu-stroki kwenye lita moja ya petroli, nikaiweka chini, nikakanyaga mshikio wa nyuma, nikavuta kamba mara kumi na kitu ikawaka. Injini inanguruma chini chini, sijabonyeza kifyatuo cha kuongeza mafuta kabisa, na mnyororo unazunguka. Hiyo peke yake ni hatari, kwa sababu klachi inatakiwa iachie mpaka uongeze mafuta ndipo mnyororo uende. Nikasema labda ni skrubu ya kabureta, nikaipunguza, ikawa inazima, nikairudisha mnyororo unazunguka tena. Basi nikasukuma ile ngao ya mbele ambayo ndiyo breki, ikalia "tak" vizuri tu kama breki ya kweli, na mnyororo ukaendelea kuzunguka kama hakuna aliyeuambia kitu. Nilisimama nimeduwaa. Kwa asiyejua, ncha ya bapa ile sehemu yake ya juu ikigusa gogo wakati mnyororo unakwenda, mashine inaruka inakuja usoni kwako kabla hujafikiri chochote, na breki ndiyo inayotakiwa kuusimamisha mnyororo papo hapo. Yangu ni pambo.

Na mimi kwa ubishi wangu (mke wangu ana neno jingine) nikajaribu gogo moja hivyo hivyo, nikitumia sehemu ya bapa iliyo karibu na mwili wa mashine nikikwepa ncha. Mikato mitatu, moshi. Bapa limegeuka bluu. Pampu ya oili ya mnyororo haitoi hata tone, tangi limejaa vile vile. Hii mngeweza kuigundua kwa nusu dakika tu, unaelekeza ncha ya bapa juu ya karatasi au ubao mweupe bila kugusa, unapiga mafuta, ukiona kamstari ka oili kamejichora ujue pampu inafanya kazi. Kwangu karatasi ilibaki safi kama ya mtihani.

Nikampelekea fundi. Kwanza akaonyesha mnyororo una hatua (nafasi kati ya pingili) ya inchi 3/8 na spoketi, ile gia inayouvuta, ni ya inchi .325, ndiyo maana ulikuwa unarukaruka na kujilegeza, yaani wameokoteza vipande popote wakafunga. Halafu akafungua silinda tukapima, kipenyo milimita 43, mwendo wa pistoni milimita 31. Pigeni hesabu wenyewe, 4.3 mara 4.3 mara 0.785 mara 3.1, inakuja 45. Hiyo ndiyo 58cc yake, inalazimishwa kuendesha mnyororo wa bapa la inchi 22 ambao haiuwezi.

Nikampigia. Kwanza alikuwa mpole, "pole bosi wangu, umetumia mchanganyiko gani?" Nikamwambia 25 kwa 1. "Aaah umeiua mwenyewe, hiyo inataka 50 kwa 1." Nikapiga picha kikaratasi chake mwenyewe nikamtumia. Na hata ingekuwa nimekosea, oili ikizidi mashine inatoa moshi na kuchafua plagi, kinachoua injini ni oili kuwa kidogo, na breki na pampu vinahusianaje na mchanganyiko? Akasema nitume hela ya usafiri na ya "kufungua waranti" ndipo anibadilishie. Hapo msitume hata senti, huo ni mtego wa pili. Nilipokataa akaniblok.

Suruali sasa. Hii ndiyo imenifanya niandike. Suruali halisi ya chensoo ndani ina matabaka ya nyuzi ndefu, mnyororo ukiigusa nyuzi zinachomoka zinajisokota kwenye spoketi na mashine inakwama. Lebo yake ina kapicha ka chensoo, kiwango cha EN ISO 11393 au kile cha zamani EN 381, na daraja la kasi ya mnyororo, daraja 1 ni mita 20 kwa sekunde, 2 ni mita 24, 3 ni mita 28. Ya kwangu lebo imeandikwa "kinga ya juu" basi. Nilichana mshono wa paja kwa wembe, ndani nikakuta sponji. Sponji ya godoro jamani, ya njano, unaifinya inarudi. Mnyororo ungepita hapo kama kwenye mkate.

Winchi zake sijanunua lakini nilimuuliza uzito wa mwisho wa kuvuta akajibu "inavuta chochote", na kwenye picha ndoana haina alama yoyote. Mimi siwezi kuvuta mti ulioegemea mwingine kwa kitu cha hivyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia mashine haiwashwi mpaka ulipie, au "haina mafuta kwa sasa", ondoka. Ya kununua iwashwe mbele yako, mnyororo usimame injini ikinguruma chini, uongeze mafuta kisha usukume breki uone mnyororo unasimama pale pale. Soma namba zilizogongwa kwenye shina la bapa, hatua na unene wa mnyororo, zilingane na za mnyororo wenyewe. Na kama kazi yako ni matawi ya unene wa mkono, msumeno mkali wa mkono utakutosha, mimi nimeurudia na sioni aibu.

Juzi nimeiona tena ile video yake, mkono wenye glavu ya kijani unakata gogo kama siagi, ukurasa una jina jipya na sauti wametoa wameweka mziki. Mashine ya kwenye video bapa lake ni fupi kuliko ile anayotuma, angalieni vizuri. Yangu iko stoo, nimeng'oa plagi nikaificha, maana vijana hapa nyumbani wanapenda kujaribu vitu.