TAHADHARI: Jihadharini na sofa-kitanda la "hata mtoto analifungua"

Jamani wenzangu, nimeibiwa. Na sikuibiwa gizani, wala sikutumiwa ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii". Nimeibiwa mchana kweupe, macho yangu mawili yakitazama, tena nikicheka na mwizi na kumwita kakangu.

Mnaonijua mnajua kwa nini nilikuwa nikilitafuta sofa hili. Halati, ndugu wa mamangu, alikuwa aje kutoka Lamu kwa ajili ya macho yake na hakukuwa na pa kumlaza. Basi.

Yule bwana, fundi anayeyauza, nilimwona kwa video. Kitoto cha kike, miaka mitano hivi, nywele zimesukwa vizuri, kinasimama mbele ya sofa la rangi ya maziwa. Kinashika mgongo wa sofa kwa mikono miwili, kinauinua, klak, halafu mgongo unalala chali na sofa linakuwa kitanda. Kinapanda juu, kinaruka mara tatu, kinacheka. Nadhani niliitazama video ile mara ishirini. Nikamwonyesha mume wangu, akasema "mm". Nyote mnajua "mm" ya mume wangu ina maana gani, na laiti ningeisikiliza.

Jumamosi baada ya alasiri nikapanda matatu nikaenda mwenyewe. Msije mkasema nilinunua kitu nisichokiona. Nilikwenda kwa miguu yangu hadi karakana, nikakuta vijana watatu wanapiga randa, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, redio inaimba taarabu. Akanipokea kwa salamu ndefu za watu wa zamani, za kukuulizia nyumbani mpaka paka. Akapangusa kigoda kwa shati lake. Akatuma mtoto aniletee dafu. Mtu kakupangusia kigoda kwa shati lake, wewe utamuuliza maswali gani magumu?

Kisha akaanza kunisomesha. Ati masofa haya yana historia. Kulikuwa na Mtaliano mmoja, Bernard Castro, aliyehamia Marekani na mwaka 1931 akafungua karakana yake New York, akawauzia masofa ya kukunjua watu wanaoishi vyumba vidogo. Ilipokuja televisheni, mwaka 1948, akamtia binti yake Bernadette kwenye tangazo, mtoto wa miaka minne, alifungue sofa peke yake ili watu waone hata mtoto analiweza. Kufika hapo akamwita mwanawe. Kitoto cha kwenye video, kile kile, kikaja na kandambili zake, kikashika mgongo wa sofa, klak. Mbele yangu. Nikapiga makofi! Mtu mzima mimi, nimevaa buibui langu, nampigia makofi mwizi kwenye vumbi la mbao.

Usiku ule nikaitafuta habari ya huyo Castro na nikaikuta ni kweli tupu, miaka yote sawasawa. Hapo ndipo nilipokwisha. Nikasema huyu fundi anaijua kazi yake mpaka asili yake. Mtu anayejua mambo ya 1948 ndiye wa kunidanganya kwa mbao ya mbili kwa mbili?

Na tepu alinipimia, tena ncha ya mwanzo nilishika mimi. Aliivuta kutoka ukingo wa mkono wa sofa wa upande huu mpaka ukingo wa mkono wa upande ule. Inchi 72. "Futi sita kamili, dadangu, mtu gani atazidi hapo?" Nikaona ni kweli, kwetu hakuna mtu wa futi sita. Akaniambia nilale nilijaribu. Sasa nilale vipi mbele ya wanaume watatu wenye randa? Nikaona haya, nikakaa tu kwenye ncha nikabonyezabonyeza kwa kiganja. Sponji likarudi juu vizuri, gumu, zuri. Bei elfu 38. Dipoziti elfu 25 kwa namba yake mwenyewe, kwa sababu till, namba ya malipo ya biashara, "ina shida kidogo leo". Akaniandikia risiti, akaigonga muhuri, tena muhuri wa rangi mbili.

Sasa njooni Ijumaa usiku, maana hapo ndipo panaponiuma.

Baada ya isha pikapu ikasimama chini. Mnazijua ngazi zetu, taa ya ghorofa ya pili imekufa tangu Ramadhani. Wakalipandisha sofa kwenye giza lile, yeye mwenyewe amebeba upande mmoja, jasho linamtiririka, nikamhurumia. Wakaliweka ukumbini limefungwa plastiki nzima, limezungushiwa gundi ya karatasi kama maiti. Kitambaa naona ni kile kile nilichochagua. Nikachukua mkasi nilifungue. Akanishika mkono, kwa adabu, na kitambaa cha buibui katikati, wala hakunigusa. Akasema, "Dadangu, usifungue leo. Gundi ya sponji bado haijakauka. Ikipata hewa mapema itaachia. Ngoja saa 24."

Nikaurudisha mkasi kabatini.

Nikamtumia elfu 13 zilizobaki pale pale, simu yake ikalia, akasema alhamdulillahi. Akaomba maji ya kunywa. Nikampa sharubati ya ukwaju niliyomtengenezea halati. Akanywa bilauri mbili. Akaiombea nyumba dua wakati wa kutoka, nami nikaitikia amina. Elfu 38 nitazisahau siku moja, lakini bilauri mbili za ukwaju na ile amina, hapana.

Jumamosi jioni tukafungua plastiki. Kulilaza tu kulituchukua watu wawili, mimi na mume wangu, na ikabidi tulivute mbele kwanza kwa sababu mgongo ulikuwa unagonga ukuta. Alikuwa ameniambia halihitaji nafasi nyuma! Likalala, lakini halikulia klak, lililia kama mlango wa choo. Halati akajinyoosha, nyayo zikapanda juu ya mkono wa sofa. Halati wenyewe mnamjua, si twiga. Akakunja miguu, akasema hapana neno mwanangu, nitalala kiubavu.

Saa nane za usiku tukasikia mshindo. Nikadhani ni mtungi wa gesi. Kwenda ukumbini nikamkuta halati yumo katikati ya sofa, amekunjika kama barua ndani ya bahasha, mgongo wa sofa umesimama upande mmoja na kikalio upande wa pili, na bandeji yake jichoni. Tukamtoa. Hakuvunjika, Mungu ametustiri, nyonga tu ilimuuma siku nne. Alipotulia akauliza, "Mwanangu, hiki umenunua kitanda au mtego wa panya?" Mume wangu akatoka nje ya mlango akacheke huko.

Asubuhi nikamwita fundi wa jirani, mzee mmoja mpole. Akaligeuza, akachana kile kitambaa cheusi cha chini. Wallahi nilitaka ardhi ipasuke nijifiche.

Bawaba za masofa haya, alinieleza, ni vyuma vyenye meno ndani. Unainua mgongo mpaka juu kabisa, meno yanalia, ndipo yanaachia na mgongo unalala. Ndizo zinazobeba uzito pale katikati, panapokutana mgongo na kikalio. Zangu zilikuwa bawaba za dirisha. Nne. Skrubu fupi, zimetiwa kwenye ukingo wa mbao ya mwembe ambayo bado ina gome, mbichi, na unga wa fukusi unamwagika nikiigonga. Katikati hakuna mguu hata mmoja, yaani mtu akilala uzito wote uko juu ya skrubu nane. Chini ya sponji, pale panapotakiwa mikanda iliyovutwa ikakaza, pamepigiliwa boksi la katoni la mafuta ya kupikia. Na sponji lenyewe? Inchi moja ya juu ni nzuri, ile niliyoibonyeza. Chini yake chenga, vipande vya rangi zote, vimeshindiliwa ndani ya gunia. Mzee akasema hata zile skrubu zisingemaliza mwaka, hewa yetu hii ya chumvi inakula chuma kisichopakwa kitu.

Halafu akachukua tepu, akapima mimi nikiangalia. Ndani, baina ya mikono. Kila mkono una inchi saba. Toa 14 kwenye 72, baki 58. Futi nne na inchi kumi! Kwenye sofa la kulaza mgongo namna hii mtu hulala kwa kufuata urefu wake, kutoka mkono hadi mkono, kwa hivyo mikono minene inakula miguu yako. Kumbe sofa la yule Castro wa New York ni jingine kabisa: godoro limekunjwa tumboni, unalivuta kuja mbele, na miguu inaelekea ukumbini, mikono ya sofa haikupunguzii kitu. Yaani hata hadithi aliyonipa ilikuwa ya sofa jingine. Ya kweli, lakini ya sofa jingine.

Nikapiga simu. Siku ya kwanza, "dadangu nakuja kesho". Siku ya pili, "mmelirukia wenyewe". Siku ya tatu hapatikani. Nikaenda karakana nikakuta vijana wale wale na lile sofa la maziwa pale pale pembeni, safi. Nikainama nikachungulia chini yake. Bawaba zenye meno, mguu wa katikati, mikanda, kila kitu. Lile la mtoto haliuzwi, limewekwa pale la kutegea. Yeye hayupo, amekwenda "bara".

Kituoni nimeandikisha, wakaniambia hili ni jambo la biashara si la wizi. Binti ya shoga yangu anayesomea sheria ameniambia niende Mahakama ya Madai Madogo, inachukua kesi za mpaka shilingi milioni moja na sheria inataka zimalizwe ndani ya siku 60. Nitakwenda. Wengine mmenishauri nimsomee Halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi. Nilishaanza hata kuuliza, halati akakataa, akasema ile ikisomwa hairudi nyuma na kile kitoto chake hakina kosa. Sawa. Lakini mimi nikiulizwa hukumu, nisingemfunga jela. Ningemlaza juu ya sofa langu kila usiku kwa muda wa mwaka mmoja, bila mto, yeye mwenye futi sita zake kamili, na mimi nimekaa pembeni na sharubati ya ukwaju namtazama. Akikunjika katikati nimwambie, "kakangu, ngoja saa 24." Watu kama hawa ndio wanaowanyima riziki mafundi wetu wazuri. Elfu 38! Jasho la vitafunio vya asubuhi ninavyouza, miezi mingapi hiyo! Mtu anayemtumia mwanawe kuibia watu hana aibu duniani, na huko mbele ataulizwa.

Jina sijaliweka, mume wangu amenikataza mpaka kesi isikizwe. Mtamjua kwa mtoto na kwa Mtaliano. Sofa la sampuli ni zuri kweli lakini hakuuzii hilo. Anapima kwa nje ya mikono. Hapeleki mzigo ila usiku, na plastiki hataki ifunguliwe akiwa bado yupo. Mengine ni haya ya kuinama: geuza sofa tumbo juu kabla hujatoa senti, tafuta mguu wa katikati. Na laleni jamani, laleni chali hata mbele ya wanaume kumi wenye randa. Haya yangu ya dakika moja imeniponza.

Halati sasa analala kitandani kwangu, mimi na mume wangu tuko kwenye mkeka ukumbini, na sofa limewekewa matofali manne chini na ndipo tunapowekea nguo za kupiga pasi.

Leo asubuhi ametia video nyingine kwa namba mpya. Sofa ni lile lile, amelivalisha kitambaa cha kijani, na kitoto kimesukwa mtindo mwingine. Chini yake tayari kuna watu wameuliza bei. Ukiona ndugu yako yumo, mpigie leo, usingoje kesho. Keshokutwa ni Ijumaa.