Uzoefu wangu: kadi ya benki iliyofungwa nikiwa Lusaka (nyota 3 kati ya 5)

Hapa Mbeya kadi hii haijawahi kunisumbua. Mwanjelwa inasoma, Uyole inasoma, hata Kyela ninakofuata mchele natoa hela bila kelele. Ila benki yako utaijua vizuri ukishavuka nayo Tunduma.

Nilikwenda Lusaka kufuatilia malipo ya mzigo wangu. Njiani nilitoa hela kwenye ATM ya Tunduma, fresh kabisa. Kesho yake jioni, hotelini, mashine ikagoma. Dada wa mapokezi akarudia, ikagoma tena, akaanza kunitazama kwa lile jicho la "huyu hana kitu". Nikaomba kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine. Kimeandikwa 05. Nikapumua kidogo, maana salio lisipotosha huwa inaandika 51. Hiyo 05 ni benki yako yenyewe imekataa, na sababu haisemi.

Kufungiwa sina ugomvi nako. Mitambo yao inaangalia mwenendo wa mteja, na mtu aliyezoea kutoa hela Mbeya akianza ghafla kulipa kwa kwacha, acha wafunge. Angekuwa mwizi kweli ningewaletea soda.

Kinachoniudhi ni kufungua. Ujumbe wa kuthibitisha muamala wanautuma kwenye laini ya Tanzania, na yangu ilikuwa haishiki mtandao ule upande wa pili. Namba ya bure ya huduma kwa wateja, ile ya 0800, ukiwa nje ya nchi haipatikani. Nikajaribu namba ya tawi: Lusaka wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo saa kumi yangu ilikuwa saa kumi na moja Mbeya, watu wameshafunga hesabu. Nikawaandikia WhatsApp kwa Wi-Fi ya hoteli, nikajibiwa: "Ndugu mteja, tafadhali fika tawi lililo karibu nawe." La karibu nami lilikuwa Tunduma, kama kilomita elfu moja hivi! Usiku ule chumba alinilipia jamaa wa Mbozi niliyesafiri naye. Kusema kweli, hata wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wangenipigia saa zile ningewasikiliza.

Asubuhi nikaiona namba ya +255 nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo ya kusomea miwani. Hapo sasa nawapa sifa zao. Dada aliyepokea aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, na mara ya mwisho nilitoa hela wapi. Namba ya siri hakuigusa kabisa. Kabla hatujaagana kadi ilikuwa imefunguliwa. Akanielekeza pia kwamba kwenye programu yao kuna sehemu ya kuruhusu matumizi ya nje: unachagua nchi na tarehe za safari. Ipo, lakini wameificha ndani ya menyu ya kadi, chini kabisa, na siku napewa kadi tawini hakuna aliyeitaja.

Ulinzi nawapa nyota zote. Huduma kwa mteja aliye safarini, moja, na hiyo ni ya yule dada.

Kadi sibadilishi. Nikirudi Lusaka nitawasha roaming nikiwa bado Tunduma, na kwacha za chumba cha usiku wa kwanza nazibadilisha kabisa mpakani.