Njia ya mashujaa, na shujaa hapiti

Huwa siandiki maoni kuhusu bustani. Leo naandika, na hasira bado ninazo.

Majuzi nilimpeleka baba kwenye bustani yenye njia ya kuwaenzi wanajeshi wastaafu. Baba alikuwa askari. Mguu wa kulia aliuacha vitani, alikanyaga bomu la kutegwa ardhini, na siku hizi anatumia kiti cha magurudumu. Njia yenyewe imepangwa kwa miaka: kila vita ina jiwe lake, unaanzia 1914 na kusonga mbele. Wazo zuri mno, nakiri. Lakini wamemwaga kokoto! Kokoto nene, zisizoshindiliwa. Magurudumu ya mbele yakazama, tukakwama kati ya jiwe la 1918 na la 1939. Nasukuma, navuta kinyumenyume, jasho linanitoka, baba yuko kimya.

Akaja mlinzi. Nikadhani anakuja kutusaidia.

"Dada, hii njia ni ya kutembea kwa miguu. Hicho kiti kinachimba kokoto, kipeleke kule kwenye maegesho."

Ya miguu! Anamwambia nani? Baba hata salamu hakupewa, alikuwa anazungumziwa kama mzigo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ni wa 2006, si habari ya jana. Zege lililosawazishwa, au hata udongo ulioshindiliwa vizuri, vingetosha. Pale mlangoni nako mteremko ni mkali, wakati kipimo kinachotumika sana ni kwamba kupanda sentimita 1 kunahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Waliojenga walimfikiria nani, kama si mtu aliyerudi vitani bila mguu?

Miti ni mizuri, kivuli kipo, vyoo ni safi. Ningewapa nyota tatu. Hapana, mbili. Nikiikumbuka sauti ya yule mlinzi, moja, na hiyo ni ya miti.

Baba ndiye aliyenituliza. "Mwanangu, niache hapa. Nenda kaniangalizie jiwe letu."

Nikaenda peke yangu, nikalipiga picha, nikarudi mbio. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Mwaka wameupatia," akasema. Kisha akaomba turudi nyumbani.