Mafuta ya mbao yenye nta: kwa vibao na trei sawa, kwa samani hapana

Hapa nyumbani natengeneza vibao vya kukatia, trei, miiko, vigoda na meza ndogo. Kupima, kupiga randa na kuunga ni raha tupu. Kinachonichosha siku zote ni umaliziaji. Vanishi inapendeza kwa macho, lakini kwenye kibao cha kukatia haidumu. Kisu kikishaichana, maji hupenya chini yake, na vipande vinaanza kubanduka palepale unapokatia chakula. Ndipo nikachukua kopo la mafuta ya mbao yaliyochanganywa na nta ya nyuki, yale mazito kama siagi. Kwenye kifuniko wameandika kwamba yanafaa kwa mbao zote na samani zote. Nimeyatumia kwa karibu kila ninachotengeneza, na hapo kwenye samani nawapinga.

Nianze na sifa, maana zipo. Mafuta yaliyomo ni ya madini, yaliyosafishwa kwa kiwango cha kugusana na chakula. Hayana harufu wala ladha, na hayaharibiki. Mafuta ya kupikia, ambayo watu wengi huyapaka kwa kuwa yako karibu, baada ya muda huanza kunata na kunuka. Haya unayapaka kwa kitambaa, unayaacha usiku kucha, asubuhi unafuta yaliyobaki juu, na rangi halisi ya ubao inajitokeza. Mimi hapo huwa nasahau uchovu wote wa msasa.

Ila maelezo ya kwenye kopo yameruka hatua ambayo ndiyo roho ya kazi. Ukishapiga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, usikimbilie mafuta. Lowanisha ubao kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke kabisa. Nyuzi zitasimama na ubao utakwaruza mkono. Pitisha tena 220 kwa wepesi, ndipo upake. Bila hivyo, trei laini uliyoifurahia itakuwa na manyoya siku ya kwanza ikioshwa. Na kwenye ncha za ubao, pale nyuzi zilipokatwa, rudia kupaka mpaka zikatae, kwa sababu hunywa mafuta mengi kuliko uso wa ubao. Mtiki ni kinyume chake: una mafuta yake ya asili, hunywa kidogo sana, kwa hiyo kopo linakaa muda mrefu.

Paka pande zote mbili, hata ule wa chini usioonekana. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, karibu haibadiliki kwa urefu, na unyevu ukiingia upande mmoja zaidi ya mwingine kibao kinapinda. Kwa miiko siwezi kuyasifu sana. Chakula cha moto huondoa nta haraka, hivyo utakuwa unapaka kila mara.

Sasa samani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, na sufuria iliyotoka jikoni ina joto zaidi ya hapo. Weka sufuria juu ya meza iliyopakwa haya mafuta, ukiinua unakuta duara. Shida ya pili ni kwamba mafuta ya madini hayakauki kamwe. Yanakaa tu ndani ya mbao. Kwenye kibao haina neno, lakini kwenye kigoda yanahamia kwenye nguo, na kwenye meza yanashika vumbi na kulowesha karatasi. La tatu ndilo baya zaidi: ukibadili mawazo utake vanishi, haitashika vizuri mpaka uondoe nta yote. Gundi nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo unga viungo vyote kwanza, mafuta yaje mwisho.

Kwa meza na vigoda nimerudi kwenye mafuta ya kitani, ambayo hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani na kuwa magumu ndani ya nyuzi. Yale ya kukauka haraka mara nyingi hutiwa viambato vya metali kama kobalti au manganizi, kwa hiyo siyapaki kwenye chombo cha chakula. Na tafadhali, vitambaa vyake usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha chenyewe. Vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke na kukakamaa.

Je, nitanunua kopo jingine? Hapana, hata kwa vibao, na si kwa sababu ni bovu. Mchanganyiko wenyewe ni rahisi: sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya madini, kwa uzito, kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke bakuli moja kwa moja kwenye moto. Nta ikiyeyuka koroga, mimina kwenye chupa yenye mdomo mpana, subiri igande. Nimeupaka kibao kimoja nusu kwa nusu, wa kopo upande huu na wangu upande ule, na siwezi kukuonyesha mpaka uko wapi.

Nyota nne kwa vibao na trei. Kwa samani, moja.