Kapampu ka nusu hospawa baada ya mwaka na miezi miwili: maji yanapiga, ila pampu haizai maji

Majirani watatu wameshanisimamisha getini kuniuliza nimefanyaje maji ya bafuni kwangu yanapiga vile, basi acha niandike mara moja kila mtu asome, maana nimechoka kurudia na pia naona watu wanakimbilia pampu kama nilivyokimbilia mimi halafu wanaishia kumlaumu fundi.

Nakaa huku Kimara upande wa mlimani, nyumba ya kawaida ya chini, vyumba vinne, tupo watu sita. Simtank ya lita 1000 iko juu ya stendi ya mita tatu. Maji ya bombani yakija yanakuja usiku wa manane na yanakuja kinyonge, mchana koki ya nje inatoa uzi mwembamba utafikiri wa cherehani, na huko bondeni wenzetu wanaosha magari kwa mpira. Sio uchawi wala kuonewa, ni mlima tu: kila mita 10 unazopanda maji yanapoteza presha ya baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo aliye bondeni mita 30 chini yako anakuzidi baa 3 nzima kwenye bomba hilohilo, na asubuhi wakifungua wote wewe wa juu unabaki na upepo unaokoroma kwenye koki. (Na upepo nao mita inauzungukia vizuri tu, hilo tuliache.)

Halafu kuna kitu nilikuwa sikijui kabisa. Nilidhani maji yakishapanda kwenye tenki la juu shida imeisha. Kumbe mita tatu za stendi ni baa 0.3 tu! Ndiyo maana heta ya kuogea ilikuwa haiwaki, ile inasubiri maji yapite kwa nguvu fulani ndo iwashe koili, na mashine ya kufulia ilikuwa inajaza maji nusu saa halafu inalia pii pii inakataa kuendelea. Mama watoto akasema hii mashine bora tuigeuze kabati.

Pampu ya kwanza nilinunua kwa haraka Kariakoo, mtaa wa Gerezani, duka silitaji, muuzaji akaniapia mota ni shaba tupu bosi wangu, hii utaizika na wajukuu. Miezi minne. Ilipoungua fundi wa kusuka mota akaifungua mbele yangu, ndani waya ni aluminiamu umepakwa rangi ya shaba. Lakini nisiwe mnafiki, iliungua kwa sababu nilikuwa naiwasha kwa swichi ya ukutani kama taa, siku moja maji yakaisha tenkini, nikajisahau kwenye mpira wa Simba na Yanga, ikazunguka kavu kama saa moja na nusu. Hata shaba ingekufa.

Kosa langu kubwa zaidi la kipindi hicho, nalisema hapa ili mtu asilirudie: mwanzoni fundi aliifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, baada ya mita. Usifanye. Kwanza mamlaka za maji hawaruhusu, ukikutwa ni faini na kukatiwa. Pili unamnyonya jirani, kile kidogo chake unakivuta wewe. Tatu ambalo lilinitisha mimi: bomba likivutwa namna hiyo ndani linakuwa kama mrija wa soda, palipo na ufa au joint iliyolegea halimwagi maji nje tena, linavuta ndani, na mabomba yetu unajua yanapita wapi, mitaroni humo humo. Siku ya tatu maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, nikaing'oa mwenyewe. Na hata maji yenyewe hayakuongezeka! Pampu inasukuma kilichopo, haizai. Bomba likileta lita mbili kwa dakika, pampu nayo itakupa lita mbili kwa dakika, tena kwa kelele.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi chukua ndoo ya lita 20 na simu, weka kwenye koki ya kwanza kabisa baada ya mita, pima dakika. Yangu ilijaa kwa dakika nane. Nikawaita watu wa maji, wakafungua pale kwenye mita kuna kichujio kidogo cha wavu, kilikuwa kimejaa mchanga na vipande vya kutu kama majani ya chai, wakakiosha, ndoo ikaanza kujaa kwa dakika tano. Bure! Nilishaunguza pampu nzima na tatizo nusu lilikuwa kijiwavu. (Usifungue mwenyewe, pale kuna sili yao.) Angalia pia ile geti valvu ya zamani, kuna wakati mlango wake unakatika ndani, unazungusha mkono unadhani umefungua kumbe mlango umebaki chini.

Sasa hesabu iliyonifungua macho. Dakika tano kwa lita 20 ni lita nne kwa dakika, haba, huwezi kuoga nayo ukafurahi. Lakini kuanzia saa sita usiku mpaka kumi na mbili asubuhi ni lita zaidi ya 1400, na sisi sita tunatumia kama 600 kwa siku. Maji yalikuwepo siku zote, ila yalikuwa hayana nguvu ya kupanda stendi. Nikanunua simtank ya lita 2000 nikaiweka CHINI, juu ya zege la inchi nne, na boya lake, maji yanajikusanya usiku mimi nimelala. Pampu inavuta kutoka hapo.

Ndo tufike kwenye pampu yenyewe sasa.

Ni ile ndogo ya nusu hospawa, wati 370, mdomo wa inchi moja kuingia na kutoka, impela (lile gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya shaba, nilinunua 130,000 duka jingine, safari hii nikaomba wafungue kifuniko cha nyuma nione, na nikaipima kwa mikono, ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Pamoja nayo kaboksi ka otomatiki 55,000 kanakokaa juu yake. Haka kaboksi ndiko kamenifanya niandike hii review, mimi ningekuwa na hela kidogo ningenunua pampu ya bei poa na otomatiki nzuri, sio kinyume chake. Unafungua koki, presha ikishuka chini ya baa 1.5 yenyewe inawaka, unafunga koki inasubiri sekunde kadhaa inazima. Maji yakiisha tenkini inajizima na taa nyekundu, yaani ule ugonjwa ulioua pampu ya kwanza ndo umekufa hapo.

Kwenye lebo wameandika mita 40 za kupandisha maji na lita 40 kwa dakika. Msidanganyike, hizo mbili hazipatikani kwa pamoja. Mita 40 ni pale ambapo haitoi hata tone, na lita 40 ni pale ambapo haisukumi popote. Mimi nimefunga geji ya kusoma presha: koki moja ikiwa wazi inasoma baa 2.2, mbili 1.6 hivi, ukifungua bafu na jikoni na mashine ya kufulia kwa pamoja utaona bafuni inalegea, sio kurudi kule kwenye uzi wa cherehani, ila unaisikia. Shawa peke yake napata lita 11 kwa dakika. Kwa mara ya kwanza heta inawaka kila siku. Mama watoto ameacha kuzungumzia kabati.

Ufungaji ndo mahali pa kugombana. Fundi wangu alitaka aje na nusu inchi kutoka tenkini mpaka pampu eti "itapiga zaidi bosi, bomba likibanwa presha inapanda". Hapana. Upande wa kuvuta ukibana unaiua, inakosa maji ya kutosha na kuanza kuunguruma kama ina mchanga tumboni. Nikamwambia inchi moja mpaka mwisho, akanuna kidogo, akaweka. Weka pampu karibu na tenki na chini ya usawa wa maji ili maji yajilete yenyewe, ukiifunga mbali au juu itabidi kila ikipoteza maji uinyweshe kwa mkono kupitia kile kifuniko cha juu. Weka yuniyoni mbili (viungo vya kufungua na kufunga) ili siku ya kuitoa usikate bomba. Na waya wa athi (wa ardhini) usisahau jamani, umeme na maji vinakaa pamoja pale.

Tenki la stendini sikulitupa. Linajazwa na pampu hiyohiyo kupitia boya lake, halafu linashuka nyumbani kupitia non-retani (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu), umeme ukikatika tunarudi kwenye baa 0.3 zetu za zamani, tunaoga kinyonge ila tunaoga.

Kelele: ipo. Kama blenda ya jirani. Mimi niliifunga ukuta wa chumba cha watoto, kosa langu, mtu akienda chooni saa nane usiku wote wanajua. Nikaweka vipande vya tairi chini ya miguu yake, imepungua.

Lawama yangu kubwa ni kwamba haisamehi kuvuja. Flashi ya choo ikitoa machozi tu, presha inashuka kidogo kidogo, kila dakika nne inawaka sekunde kumi inazima, usiku kucha. Nilikuja kugundua kwa LUKU, unit zilianza kukimbia. Nilipobadili mpira wa flashi wa 3,000 ikatulia. Kwa kawaida inakula kama unit 0.8 kwa siku, maana hizo wati 370 ni za kazi inayofanya, umeme inaovuta ni karibu 550, kwetu tunaolipa 350 na kitu kwa unit ni kama 9,000 kwa mwezi. Kuna wanaoongeza lile tenki jekundu la presha la lita 24 ili isiwe inawakawaka, bado sijalinunua ila ninaliwaza.

Na haipendi kulala. Tulisafiri wiki tatu Tanga, tuliporudi inaunguruma haizunguki, nikajua imekufa. Impela yake imekaa na nafasi ndogo sana kwenye nyumba yake, kutu kidogo tu inaishika. Zima umeme kwenye breka kwanza, toa kifuniko cha feni nyuma, zungusha shafti kwa mkono au bisbisi mpaka iachie, washa. Ikiendelea kuunguruma baada ya hapo ni kapasita (inayoisaidia mota kuanza kuzunguka), nyeusi ndogo, haifiki 10,000. Kwa sababu hiyohiyo mchanga ni adui yake, nimeweka kichujio kabla ya pampu na nakiosha kila mwezi.

Wa ghorofa ndefu, ambao koki ya juu iko mita 15 au zaidi juu ya pampu, hii sio yenu. Hiyo otomatiki inasubiri baa 1.5, bomba lililojaa maji mita 15 juu yake lenyewe linaikandamiza baa 1.5, kwa hiyo wa juu atafungua koki na pampu haitajua kama kuna mtu.

Nyota nne. Ile moja naizuia kwa sababu tangu wiki iliyopita naona tone linakusanyika pale shafti inapoingilia, sili yake ya kuzuia maji imeanza kuchoka, mwaka na miezi miwili tu. Nimeshanunua nyingine 6,000, Jumamosi naifungua, mwenye bisbisi ya nyota kubwa mtaani anaiazimisha?