Uzoefu wangu na kronografu za zamani kwa mfuko wa mwalimu: Seiko 6139, Poljot 3133 na Seagull 1963

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikivaa kronografu za mashine, yaani saa za mkono zisizotumia betri, zenye mshale wa ziada unaoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa kwenye sifuri kwa vitufe viwili vya pembeni. Katika muda huo nimenunua tatu, nimeuza moja, na nyingine nimeilipia matengenezo mara mbili. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora na ndiye ninayesimamia riadha shuleni kwetu. Sikuanza kwa kupenda vitu vya kale. Nilianza kwa sababu saa ya plastiki tuliyokuwa tukipimia wakimbiaji ilikata betri asubuhi ya mashindano, na duka lenye betri ya aina ile lilikuwa bado halijafunguliwa. Nilijiwekea ukomo wa shilingi 600,000 kwa kila saa, pamoja na usafirishaji na ushuru.

Ukomo huo uliondoa majina makubwa yote kwa mkupuo mmoja. Omega Speedmaster, saa iliyofika mwezini mwaka 1969, ni mali ya watu wenye hesabu nyingine. Zilibaki saa za Japani, za iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, za China, na zile za Uswisi zenye maandishi ya "Chronographe Suisse" bila jina la mtengenezaji anayejulikana. Hizo za mwisho zinavutia kwa picha, lakini makasha yake mengi ni ya dhahabu nyembamba kama karatasi ambayo hubonyea kwa urahisi. Isitoshe, zile zenye mashine ya Landeron 48 huanzishwa kwa kitufe cha juu na kusimamishwa kwa kitufe cha chini, kile kile kinachorudisha mshale kwenye sifuri. Mtu aliyezoea kuanzisha na kusimamisha kwa kitufe kimoja atapotea pembeni mwa uwanja, na mimi sikutaka kupotea mbele ya wanafunzi.

Nilianza na Seiko 6139. Mashine hii ilitoka mwaka 1969 na ni miongoni mwa kronografu za kwanza duniani kujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwanaanga William Pogue wa Marekani alikwenda na moja ya rangi ya njano kwenye kituo cha anga cha Skylab mwishoni mwa mwaka 1973 akakaa nayo huko siku 84. Kwa sababu hiyo zile za njano huitwa kwa jina lake na bei yake imepanda. Ya bluu ina mashine ile ile, nami nikachukua ya bluu kwa shilingi 490,000. Umri wake ni rahisi kuujua: tarakimu ya kwanza ya namba iliyochongwa nyuma ya kasha ni ya mwaka, na ya pili ni ya mwezi. Yangu inaanza na 43, maana yake ni Machi 1974.

Kabla ya hiyo niliponea chupuchupu kununua nyingine iliyokuwa inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Picha zilipokuzwa nikaona herufi za jina zimevimba, mistari ya dakika haiko sawa, na ile namba ndogo inayopaswa kuwa chini kabisa ya sura ya saa, inayoanza na 6139, haipo. Ilikuwa imepakwa rangi upya. Saa ya miaka hamsini isiyo na hata kovu moja inastahili kuulizwa maswali kuliko ile yenye mikwaruzo, na ninayo masikitiko kidogo kwamba wauzaji wengi huandika "iko kama mpya" wakidhani wanasifia.

Muuzaji wa ile ya bluu aliandika kwamba imeshafanyiwa sevisi. Ilipofika, baada ya kuilipia ushuru wa shilingi 70,000, mshale wa kronografu ulikuwa haurudi kwenye sifuri bali unasimama sekunde mbili mbele. Mwezi wa pili ukaanza kusitasita: unakwenda, unatulia, unakwenda tena. Nilimpelekea fundi saa mmoja mtu mzima aliye jirani na soko, ambaye meza yake ina kioo cha kukuzia, bakuli la petroli na saa za Seiko 5 za wazee wa mji mzima. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, ukinilazimisha nitaifungua, lakini siahidi kuifunga."

Alikuwa na haki. Ndani ya 6139 kuna klachi ya wima. Katika kronografu nyingi za zamani gurudumu moja la meno husogezwa kando likakutana na jingine, na meno yanapogongana mshale huruka kidogo. Katika Seiko hii sehemu mbili hubanwa moja juu ya nyingine, kama klachi ya gari, kwa hiyo mshale huondoka bila kuruka, na unaweza kuuacha ukitembea kutwa nzima bila kuilemea mashine. Wengi hufanya hivyo, maana saa hii haina mshale mwingine wa sekunde. Tatizo ni kwamba klachi yenyewe imefungwa pamoja kama kitu kimoja. Ikichoka haifunguliwi ikasafishwa kipande kwa kipande, bali hubadilishwa yote. Nilinunua 6139 nyingine iliyokufa, kwa shilingi 130,000, ili tu fundi aitoe klachi yake, na kazi ikanigharimu 50,000. Mwenye kujumlisha ataona kwamba saa ya 490,000 imefika 740,000.

Kinachonikera hasa ni kwamba kosa hilo lingeonekana kwenye video ya nusu dakika. Sasa sinunui kronografu kabla muuzaji hajanionyesha, bila kukata picha, mshale ukianza, ukitembea dakika mbili, ukisimama na kurudi kwenye sifuri, mara tatu mfululizo. Dakika mbili ni muhimu kwa sababu kisahani kidogo ndani ya sura ya saa, kinachohesabu dakika, nacho lazima kionekane kikisogea. Muuzaji anayekataa kutuma video hiyo amekwisha kunijibu.

Poljot 3133 niliinunua mwaka uliofuata kwa shilingi 380,000, nikiwa tayari nimeshamwuliza fundi kwanza, nikamwonyesha picha za mashine ikiwa wazi. Asili yake ni Uswisi: miaka ya 1970 kiwanda cha kwanza cha saa cha Moscow kilipata mitambo ya kutengenezea mashine ya Uswisi iitwayo Valjoux 7734, kikaongeza vito (vijiwe vidogo vya kupunguza msuguano) hadi 23 na kasi hadi mapigo 21,600 kwa saa. Haijijazi yenyewe. Hutiwa ufunguo kila asubuhi, jambo ambalo mimi nalipenda kwa kuwa linanipa dakika ya utulivu kabla ya kelele za mstarini. Ukiifungua nyuma, wenzo na springi za kronografu zote ziko juu zinaonekana, na fundi aliitazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Aliisafisha, akaitia mafuta, akanitoza 45,000. Tangu hapo inapoteza sekunde kama 15 kwa siku, nami siwezi kulalamika.

Ina kero zake. Mshale huruka kidogo unapoanza, kwa sababu ya ile habari ya meno. Tarehe haina njia ya haraka ya kubadilishwa: unavusha mishale saa sita usiku, unairudisha nyuma saa chache, unaivusha tena, siku baada ya siku, mpaka ufike unapotaka. Mwezi wenye siku 30 ukiisha, mimi huiacha tu ikiwa imekosea. Pia ni lazima niseme kwamba Poljot nyingi zinazouzwa leo zimeunganishwa kwa vipande vya saa tofauti, na yangu nina hakika mishale yake si ya asili. Mkusanyaji wa kweli angeikataa. Mimi naitumia kazini.

Kuhusu kazi hiyo, nieleze vizuri, maana wenzangu kadhaa wameniuliza kama kronografu inaweza kuchukua nafasi ya saa ya kidijitali uwanjani. Mapigo 21,600 kwa saa ni mapigo sita kwa sekunde, kwa hiyo mshale husogea kwa vipande vya sekunde moja ya sita, wakati sura ya Poljot yangu imegawanywa kwa sehemu za moja ya tano. Kwa mbio za mita 100, ambapo nafasi ya kwanza na ya tatu hutenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, chombo hiki hakifai na sikitumii. Kwa mita 1,500, ninapotaka kujua kijana amezunguka kila raundi kwa muda gani, kinatosha kabisa, na mkono wangu umezoea kitufe kiasi kwamba sihitaji kukitazama. Hupima mkimbiaji mmoja tu. Wanafunzi wadogo huniuliza kwa nini mishale inaonyesha saba ilhali ni saa moja asubuhi, na huwajibu kwamba kile kisahani cha dakika hakijui saa ya Kiswahili wala ya Kizungu.

Ule mduara wa namba kutoka 500 hadi 60 kwenye ukingo wa Seiko ni wa kupimia mwendo: unaanzisha mshale kwenye nguzo ya kilomita, unausimamisha kwenye nguzo inayofuata, na namba inayoelekewa na mshale ni kilomita kwa saa. Basi la Nzega likitumia sekunde 45, linakwenda 80. Nilipojaribu kwenye treni ya Kigoma mshale ulimaliza mzunguko mzima kabla kilomita haijaisha, kwani aliyechora mduara ule hakufikiria chombo kinachokwenda chini ya 60. Dawa yake ni kupima nusu kilomita na kugawa jibu kwa mbili. Abiria wa mbele yangu alidhani mimi ni mkaguzi wa reli.

Seagull 1963 sina mengi ya kuisema. Ni saa mpya yenye sura ya zamani, na mashine yake inatokana na Venus 175 ya Uswisi, ambayo mitambo yake ilinunuliwa na kiwanda cha Tianjin kwa ajili ya saa za marubani wa jeshi la anga la China. Ni nzuri, ni nyembamba, vitufe vyake ni laini kuliko vya zile mbili, na kwa anayeogopa vitu vilivyotumika ningemwambia aanze nayo. Niliivaa miezi saba nikamwuzia mwalimu mwenzangu kwa bei karibu na ile niliyoinunulia, kwa kuwa mishale yake membamba ilinisumbua kuisoma kwenye jua la Septemba.

Vumbi la kiangazi na mvua za Novemba ndivyo vilivyoirudisha Seiko kwa fundi mara ya pili. Nyuma ya kasha lake imeandikwa kwamba inastahimili maji, na mwaka 1974 pengine ilikuwa kweli, lakini mpira wa kuzuia maji wa miaka hamsini ni kipande cha lami. Nilinyeshewa nikitoka Kwihara, na kufika nyumbani kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Fundi aliikausha na kuweka kwenye kitufe cha chini pete ya mpira aliyoikata kutoka kwenye vifaa vya bomba la maji, ikafanya kitufe kigome kurudi. Kwa hiyo Poljot iko mkononi, na Seiko iko kabatini ikisubiri pete ya kipimo chake niliyoagiza.