Droni ya kunusa hewa ukaa: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Kazi yangu ni kulinda eneo ambalo hewa ukaa imesukumwa chini ya ardhi, zaidi ya mita 800, ikabanwa ndani ya miamba isirudi angani. Zamani tulizunguka kwa miguu na kipimo mkononi. Mwaka jana tukaletewa droni ndogo ya rafadha nne, yenye kihisi cha infraredi tumboni, yaani kifaa kinachoitambua hewa ukaa kwa mwanga usioonekana kwa macho.

Mwanzo ilinivunja moyo. Tulifungulia mtungi wa hewa ukaa makusudi, nikaipitisha juu yake, haikuona kitu! Kumbe upepo wa rafadha zenyewe ulikuwa ukiitawanya gesi kabla kihisi hakijaipata. Tukaifunga mrija mwembamba wa kuvuta hewa uliochomoza mbele kupita rafadha, tukapunguza na mwendo, maana kihisi huchukua sekunde kadhaa kusoma. Jaribio lililofuata iliupata mtungi.

Saa nzuri ya kurusha ni alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Hewa ukaa ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni. Lakini saa hiyohiyo ndiyo yenye kudanganya kuliko zote, kwa sababu usiku kucha mimea na udongo vimekuwa vikipumua. Hewa ya kawaida ina takriban sehemu 420 za hewa ukaa katika milioni; mimi nimewahi kusoma zaidi ya 600 juu ya kichaka, nikaamsha watu wote. Tulipochukua sampuli ya hewa ya udongoni, oksijeni ilikuwa imepungua karibu sawasawa na hewa ukaa ilivyoongezeka. Hiyo ni dalili ya majani yanayooza. Gesi inayotoka chini haili oksijeni namna hiyo. Tangu siku hiyo narusha njia ileile kila wiki, ili nijue eneo langu linavyopumua likiwa salama.

Mahali inaponisaidia hasa ni kwenye visima vya zamani vilivyozibwa kwa saruji, ambako uvujaji ndiko unakotegemewa kuanzia. Nilivyokuwa nikivizungukia siku nzima, sasa navimaliza asubuhi moja. Betri hudumu dakika 20 tu, na mvua ikinyesha hairuki.

Muuzaji alidai itachukua nafasi ya vihisi vya ardhini. Sikubali. Uvujaji mdogo wa polepole huishia udongoni bila droni kuunusa, na wanaoishi jirani wanastahili vyote viwili. Vihisi vyetu vya ardhini bado vipo, na nimeomba betri nne zaidi.